Glakoma ya kuzaliwa: Kwa nini mtoto mchanga hupasuliwa jicho mapema

MACHO makubwa ya mtoto mchanga husifiwa sana. Jirani anapokuja kumwona mzazi, humpakata mtoto, humtazama usoni na kusema kuwa amejaliwa macho ya kuvutia. Mama naye hufurahi, hata kama moyoni anajiuliza kwa nini mwanawe hukunja uso kila anapotolewa nje, na kwa nini machozi humlengalenga mchana kutwa ilhali halii.

Aghalabu macho makubwa huwa urembo tu aliozaliwa nao mtoto. Lakini yakiandamana na machozi yasiyokauka, kuogopa mwanga na ukungu juu ya duara jeusi la jicho, huenda yakawa dalili ya glakoma ya kuzaliwa. Haya ni maradhi adimu, lakini yanaweza kumpofusha mtoto kabla hajajua kumwita mamake.

Watu wengi wameisikia glakoma kwa jina la presha ya macho, na huihusisha na wazee. Ni kweli kwamba wanaougua zaidi ni watu wazima. Hata hivyo, mtoto anaweza kuzaliwa nayo, na tiba yake ni tofauti kabisa na ya mtu mzima. Mtu mzima huanzishiwa matone ya dawa, na wengi huyatumia kwa miaka mingi bila kuguswa na kisu. Mtoto mchanga huhitaji upasuaji, tena mapema iwezekanavyo. Kwake, dawa ni daraja la kumfikisha kwenye chumba cha upasuaji.

Maji yanayokosa njia

Ndani ya sehemu ya mbele ya jicho mna maji angavu yanayotengenezwa usiku na mchana. Maji haya si machozi. Machozi hulowesha jicho kwa nje, ilhali maji haya hukaa ndani, hulisha lenzi na konea, na hulipa jicho umbo lake la mviringo. Konea ni ule utando angavu ulio mbele ya jicho, unaofanana na kioo cha saa, ambao mwanga hupitia.

Maji hayo hupita kwenye tundu la mboni na kufika mbele. Kisha huondoka kupitia kichujio chembamba kilicho kwenye pembe, pale ambapo konea hukutana na ule mviringo wenye rangi. Kutoka hapo huingia katika mfereji mdogo unaolizunguka jicho, uitwao mfereji wa Schlemm kwa heshima ya mtaalamu wa Ujerumani Friedrich Schlemm, na hatimaye hurudi katika mkondo wa damu.

Kwa mtoto mwenye glakoma ya kuzaliwa, kichujio hicho hakikukomaa ipasavyo alipokuwa tumboni mwa mamake. Maji yanaendelea kutengenezwa kama kawaida, lakini hayatoki kwa kasi inayotakiwa. Ni mfano wa sinki ambayo bomba lake limeachwa wazi huku tundu la kutolea maji likiwa limeziba. Tofauti ni kuwa jicho limefungwa pande zote na maji hayana pa kumwagikia. Matokeo yake ni shinikizo kupanda.

Shinikizo la jicho hupimwa kwa milimita za zebaki, kama ilivyo kwa presha ya damu. Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21, na cha mtoto mchanga huwa chini kidogo. Linapopanda na kukaa juu, huumiza neva inayopeleka picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni 1. Uzi unaokufa hauoti tena, na hakuna dawa wala upasuaji unaoweza kuufufua. Hii ndiyo sababu kila wiki inayopotea ina thamani.

Jambo jingine linalotofautisha glakoma ya mtoto ni ulaini wa jicho lake. Hadi anapofikisha umri wa miaka 3 hivi, ganda la jicho hunyumbuka. Shinikizo linapozidi, jicho lote hutanuka kama mpira unaotiwa upepo. Matabibu wa kale waliliita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya jicho la ng'ombe.

Konea ya mtoto aliyezaliwa karibuni huwa na upana wa takriban milimita 9.5 hadi 10.5. Ikizidi milimita 11 kwa mtoto mchanga, au milimita 12 kabla ya kutimiza mwaka mmoja, daktari huwa na sababu ya kushuku. Konea inapovutwa kupita kiasi, tabaka lake la ndani hupasuka, na maji huingia na kuitia ukungu. Mipasuko hiyo huitwa alama za Haab, kutokana na jina la daktari wa macho wa Uswisi Otto Haab. Hubaki maishani hata baada ya ugonjwa kutulizwa.

Nani huzaliwa na maradhi haya?

Katika nchi za Ulaya na Marekani, maradhi haya humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 10,000 wanaozaliwa. Nchini Saudi Arabia, kiwango kilichowahi kuripotiwa ni mtoto 1 kati ya 2,500, na miongoni mwa Waroma wa Slovakia ni 1 kati ya 1,250. Tofauti hiyo inatokana na urithi. Maradhi haya huonekana zaidi katika jamii ambako watu wa ukoo mmoja huoana.

Mwaka wa 1997 watafiti walitambua jeni iitwayo CYP1B1 kuwa chanzo kimoja kikuu cha glakoma ya kuzaliwa. Mara nyingi baba na mama huwa na macho mazima, lakini kila mmoja hubeba nakala moja ya jeni yenye kasoro bila kujua. Mtoto akirithi nakala hizo mbili, huugua. Kwa wazazi wa aina hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye maradhi haya. Kwa hivyo, ndugu za mtoto aliyepatikana na glakoma wanapaswa kupimwa, na anayezaliwa baadaye apelekwe kwa daktari wa macho katika siku zake za kwanza.

Ni muhimu pia kueleza kuwa si kosa la mama. Hakula kitu kibaya, hakulaaniwa, wala hakutazamwa kwa jicho la hasidi. Watoto wengi wa aina hii huzaliwa katika familia ambazo hazijawahi kusikia habari za glakoma.

Zipo pia glakoma za utotoni zinazosababishwa na mambo mengine. Mama akiambukizwa rubela akiwa mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa na glakoma au mtoto wa jicho. Kenya ilianza kutoa chanjo inayokinga surua na rubela kwa pamoja mwaka wa 2016. Vilevile, mtoto mwenye baka jekundu la kuzaliwa usoni, hasa likigusa kope la juu, au asiye na ule mviringo wenye rangi kwenye jicho, huwa katika hatari na anafaa kuchunguzwa mara kwa mara.

Dalili ambazo mzazi anaweza kuona

Dalili kuu ni tatu. Kwanza, jicho hutoa machozi kila wakati hata mtoto akiwa ametulia. Pili, mtoto huogopa mwanga, akageuza uso dirishani au kujificha kifuani mwa mamake anapotolewa nje. Tatu, hufumba na kubana kope kwa nguvu. Zaidi ya hizo, jicho huweza kuonekana kubwa kuliko kawaida, na konea kuwa na rangi ya kijivu au samawati iliyofifia, mithili ya kioo kilichopuliziwa pumzi.

Katika watoto takriban 7 kati ya kila 10, maradhi hushika macho yote mawili. Hilo lina hatari yake, kwani macho yote yakiwa makubwa, hakuna la kulinganisha nalo. Jicho moja likiwa kubwa kuliko jingine, wazazi hutambua upesi.

Wengi huchanganya dalili hizi na zile za kuziba kwa njia ya machozi, tatizo ambalo ni la kawaida sana kwa watoto wachanga. Mtoto mwenye njia ya machozi iliyoziba hutoa machozi na tongotongo, lakini jicho lake huwa angavu, lina ukubwa wa kawaida, na haogopi mwanga. Wengi wao hupona kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mama akielekezwa jinsi ya kusugua taratibu pembe ya jicho karibu na pua.

Hapa ndipo penye mtego. Mama aliyeambiwa kuwa machozi yataisha yenyewe anaweza kungoja miezi 6 akiamini anafuata ushauri mwema. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: machozi pekee yanaweza kusubiri miadi ya kawaida, lakini machozi yenye kuogopa mwanga, ukungu au jicho kubwa hayasubiri. Mtoto huyo anafaa kuonwa na daktari wa macho katika siku chache.

Kuna mazoea mengine yanayochelewesha tiba. Baadhi ya wazazi humtilia mtoto maziwa ya mama machoni, maji ya chumvi au dawa za miti. Vitu hivi haviwezi kufungua njia ya maji iliyoziba ndani ya jicho, na vinaweza kuleta maambukizi. Wengine hutumia matone yaliyobaki ya nyanya au babu mwenye presha ya macho. Hilo ni hatari kubwa. Dawa ya brimonidini, ambayo watu wazima huitumia, inaweza kumlevya mtoto mchanga hadi apumue kwa shida, na haifai kwa watoto wa chini ya miaka 2. Timololi nayo inaweza kupunguza mapigo ya moyo.

Uchunguzi hufanywa mtoto akiwa amelala

Mtoto mchanga hawezi kutulia ili jicho lake lipimwe kikamilifu. Kwa hivyo, hospitalini hupewa nusukaputi na kulazwa fofofo, kisha daktari hulichunguza kila jicho. Hupima shinikizo kwa kifaa kidogo cha mkononi, hupima upana wa konea kwa bikari maalumu, hutazama pembe ya jicho kwa lenzi maalumu, na huangalia neva nyuma ya jicho.

Shinikizo pekee halitoshi kuthibitisha ugonjwa. Dawa nyingi za usingizi hushusha shinikizo la jicho, na ketamini huweza kulipandisha. Ndiyo maana daktari huunganisha vipimo vyote kabla ya kutoa uamuzi. Akithibitisha, mara nyingi huendelea na upasuaji papo hapo, ili mtoto asipewe nusukaputi mara mbili. Wazazi huombwa idhini mapema kwa sababu hiyo.

Kabla ya nusukaputi, tumbo la mtoto lazima liwe tupu ili asitapike na kupaliwa. Kwa kawaida, maziwa ya mama husimamishwa saa 4 kabla, na maziwa ya kopo au ya ng'ombe saa 6 kabla. Mama asione huruma akamnyonyesha kwa siri mtoto anapolia. Akifanya hivyo, upasuaji utaahirishwa au mtoto atahatarishwa. Mtoto mwenye homa au kikohozi pia hupaswa kutajwa kwa daktari mapema.

Huku wakingoja siku ya upasuaji, madaktari huweza kumpa dawa ya kunywa au matone ya kushusha shinikizo. Dawa hizo hupunguza ukungu kwenye konea ili daktari aone vizuri anapopasua. Hazifungui kichujio kilichozaliwa na kasoro, na haifai mzazi kuridhika nazo kwa sababu tu jicho limeonekana angavu kidogo.

Njia kuu mbili za kufungua kichujio

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wengi wenye maradhi haya waliishia kuwa vipofu. Mtaliano Carlo de Vincentiis alijaribu kukata pembe ya jicho katika miaka ya 1890, lakini alifanya hivyo bila kuona anapokata. Katika miaka ya 1930 na 1940, Mmarekani Otto Barkan wa San Francisco aliboresha njia hiyo kwa kutumia lenzi iliyowekwa juu ya jicho, iliyomwezesha kuiona pembe moja kwa moja. Upasuaji huo huitwa goniotomi, na umeokoa macho ya watoto wengi duniani.

Katika goniotomi, daktari hupenyeza kisu chembamba kama sindano kwenye ukingo wa konea, hukivusha mbele ya mboni hadi upande wa pili, na kukata juujuu kichujio kilichoziba. Hukata karibu theluthi moja ya mzunguko wa jicho. Damu kidogo huweza kuvuja ndani ya jicho na kwa kawaida hunyonywa katika siku chache. Weupe wa jicho haukatwi, jambo linaloacha nafasi kwa upasuaji mwingine siku za usoni. Ikiwa shinikizo halikushuka vya kutosha, goniotomi huweza kurudiwa katika sehemu nyingine ya pembe.

Njia hii ina sharti moja: konea lazima iwe angavu. Daktari hawezi kukata asichokiona. Kwa mtoto ambaye konea yake imekwisha kuingia ukungu mzito, hutumika njia ya pili iitwayo trabekulotomi. Mwaka wa 1960, Hermann Burian nchini Marekani na Redmond Smith nchini Uingereza waliieleza, kila mmoja kwa wakati wake na bila kushirikiana.

Katika trabekulotomi, daktari huingia kutoka nje. Hufunua ngozi laini ya juu ya jicho, hukata kifuniko kidogo kwenye weupe wa jicho, na kuutafuta mfereji wa Schlemm. Akiupata, huingiza ndani yake kijiti chembamba cha chuma, kisha hukizungusha kuelekea ndani ya jicho ili kipasue ukuta unaozuia maji. Hufanya hivyo upande wa kulia na wa kushoto. Madaktari wengine hupitisha uzi au mrija mwembamba wenye taa katika mfereji mzima na kuufungua wote kwa mara moja.

Katika sehemu nyingi za Afrika na Asia, watoto huletwa hospitalini wakiwa wamechelewa na konea zikiwa na ukungu. Kwa sababu hiyo, madaktari wengi huko huchagua trabekulotomi, na mara nyingi huiunganisha na trabekulektomi. Hii ya pili, iliyoelezwa na Mwingereza John Cairns mwaka wa 1968, hutengeneza njia mpya ya maji kutoka ndani ya jicho hadi chini ya ngozi yake ya juu.

Ikiwa upasuaji wa kwanza umeshindwa

Njia hizi mbili zikishindwa, daktari huwa na silaha nyingine. Anaweza kufanya trabekulektomi pekee, akitumia dawa ya kuzuia kovu kwa kuwa miili ya watoto huponya majeraha haraka na kuiziba njia mpya. Mtoto aliyepata upasuaji huu huhitaji uangalifu maishani, maana viini vinaweza kupenya pale ngozi ilipo nyembamba. Jicho likiwa jekundu na kuuma, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Njia nyingine ni kupandikiza mrija mdogo unaotoa maji na kuyapeleka kwenye kisahani kilichoshonwa juu ya jicho, chini ya ngozi. Miongoni mwa waliotangulia kubuni vifaa hivi ni Anthony Molteno, aliyeanza kazi hiyo Afrika Kusini katika miaka ya 1960. Baadaye vilikuja vifaa vingine, ukiwemo ule wa Ahmed wenye vali ya kuzuia maji yasitoke kwa wingi kupita kiasi. Hatimaye, mambo yakishindikana, mwale wa leza huweza kutumiwa kupunguza tishu inayotengeneza maji.

Mafanikio hutegemea umri na hali ya jicho. Watoto ambao dalili zao hujitokeza kati ya miezi 3 na mwaka mmoja ndio hupata matokeo bora zaidi. Kwao, goniotomi au trabekulotomi hudhibiti shinikizo kwa watoto takriban 8 kati ya 10 au zaidi, wengine baada ya kupasuliwa zaidi ya mara moja. Waliozaliwa wakiwa tayari na konea zenye ukungu huwa na maradhi makali, na wengi wao huhitaji upasuaji kadhaa. Hilo halimaanishi kwamba wasipasuliwe, bali kwamba wao ndio wasiopaswa kucheleweshwa hata kidogo.

Baada ya upasuaji safari huendelea

Mtoto akitoka chumba cha upasuaji, jicho hufunikwa kwa kikinga. Mama hupewa matone ya kuzuia maambukizi na ya kupunguza uvimbe, ambayo hutumiwa kwa wiki kadhaa. Mikono inawe kwa sabuni kabla ya kutia dawa, na mtoto azuiwe kulisugua jicho. Ukungu hauondoki mara moja. Konea huweza kuchukua siku au wiki kadhaa kung'aa, na wakati mwingine haing'ai yote.

Kosa kubwa zaidi ambalo wazazi hufanya ni kuacha kliniki pindi mtoto anapofungua macho vizuri. Baada ya wiki chache, mtoto hulazwa tena kwa nusukaputi ili shinikizo lipimwe. Vipimo hurudiwa kila baada ya miezi michache katika mwaka wa kwanza, kisha huwa mara chache zaidi kadiri anavyokua. Glakoma hii hudhibitiwa, na shinikizo huweza kupanda tena baada ya miaka mingi bila maumivu yoyote. Aliyepasuliwa akiwa na miezi 4 anapaswa kupimwa hata akiwa chuoni na akiwa na watoto wake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kumfundisha mtoto kuona. Shinikizo likishuka, jicho lililotanuka bado linaweza kuhitaji miwani, kwa kuwa aghalabu haliwezi kuona vitu vya mbali. Ubongo wa mtoto nao hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Jicho moja likiwa dhaifu, ubongo hulipuuza na kutegemea lile zima. Daktari huagiza jicho zima lizibwe kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi. Mtoto atalia na kukibandua kiraka, lakini mzazi avumilie. Upasuaji uliofaulu bila miwani wala kiraka huweza kuacha jicho lenye shinikizo zuri lakini lisiloona.

Jicho lililotanuka pia ni dhaifu na halistahimili kugongwa. Mwimbaji maarufu wa Italia, Andrea Bocelli, aliyezaliwa mwaka wa 1958 akiwa na glakoma ya kuzaliwa, alikuwa na uwezo wa kuona kiasi alipokuwa mdogo. Akiwa na umri wa miaka 12, alipigwa na mpira usoni akicheza kandanda na akapoteza uwezo huo wote. Ni vyema mwalimu aelezwe hali ya mtoto, naye mtoto avae miwani ya kinga michezoni.

Mtoto aliyebaki na uoni hafifu hafai kufungiwa nyumbani. Akikalishwa mbele darasani, akapewa maandishi makubwa na vioo vya kukuza, anaweza kusoma pamoja na wenzake. Taasisi ya Elimu Maalumu nchini Kenya (KISE), jijini Nairobi, hutathmini watoto wenye mahitaji kama hayo na kuwashauri wazazi.

Mzazi aanzie wapi?

Nchini Kenya, mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kila ziara ni nafasi ya kumwomba muuguzi ayatazame macho penye mwanga wa kutosha. Usingoje kuulizwa. Sema wazi: mwanangu hutokwa na machozi na huogopa mwanga. Hospitali nyingi za kaunti zina wahudumu wa macho wanaoweza kumwandikia barua ya kumpeleka kwa daktari bingwa.

Upasuaji wa aina hii huhitaji daktari aliyezoea macho ya watoto pamoja na mtaalamu wa nusukaputi ya watoto wachanga, nao hupatikana katika hospitali kubwa kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya PCEA Kikuyu. Mzazi anayetoka mbali hana budi kupanga nauli ya zaidi ya safari moja. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Mtoto aandikishwe mapema chini ya jina la mzazi, na familia iulize hospitalini ni gharama zipi zitalipiwa kabla ya siku ya kulazwa.

Wahenga walisema, chelewachelewa utapata mwana si wako. Kwa glakoma ya kuzaliwa, anayecheleweshwa humpata mwana ni wake, lakini asiyeweza kumtazama usoni. Ikiwa jioni ya leo mtoto wako anakunja uso mbele ya mwanga wa dirisha na macho yake yana ukungu, usiulize tena majirani kama yatapoa yenyewe. Kesho asubuhi mpeleke hospitalini.